Hesabu Nilizokwambia ni za Mabaharia

Khalfan, mwanangu,

Salamu sikuandikii, kwa sababu kesho asubuhi nitakupa mwenyewe, nikushike uso kwa mikono miwili mbele za watu, upende usipende, na wewe utasema "Mama, basi" kama kawaida yako. Barua hii nnaiandika alasiri. Wewe umekwenda Sidab kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua mimi shangazi yako, hakuachii mpaka ule, na ukishakula atakwambia sasa kaa kitako ule. Kwa hivyo nna wasaa. Nikimaliza nitaitia ndani ya kanzu yako nyeupe, ile ya juu kabisa kwenye sanduku, uione ukishafika huko Marekani, kabla hujaipeleka karatasi ya masomo.

Ya sweta, ya sala, ya nyama ya kule, ya kutotoka nje na kichwa kimajimaji, baba yako ameshayasema. Jana kayarejea, na leo akirudi kutoka Sib kwenye huo uwanja wa ndege wanaoujenga atayarejea tena tangu mwanzo. Muache. Yeye akitaka kulia husema mambo ya sweta. Mie nitakukumbusha moja tu: ukiandika tano, andika ya Kizungu. Tano yetu ya Kiarabu wao wataisoma sifuri, na mkono wako ukichoka hujisahau. Basi, hayo nimeyamaliza.

Nnataka tuzungumze juu ya ugomvi wetu wa juzi.

Ilikuja barua ya chuo, tukaisoma sote watatu pamoja, mimi, wewe na baba yako. Chuo chenyewe ni cha miaka miwili, cha watu wa mji ule. Ukimaliza masomo yao na alama zikawa nzuri, ndipo unahamia chuo kikuu ukasomee uhandisi. Hivyo ndivyo alivyotufahamisha mjomba wako Seif, na yeye ni karani kwenye afisi inayokupeleka, anajua. Barua ilisema wameutazama mtihani ulioufanya pale afisini, na wanakushauri uanze darasa la chini la hesabu, mwaka mzima wa aljebra na hesabu za pembe, ndipo uingie kalkulasi na fizikia. Wanakushauri, hawakulazimishi. Karatasi ya kuchagua masomo unajaza mwenyewe. Nawe ukachukua kalamu ukatia alama kwenye kalkulasi, na fizikia, na kemia, na uchoraji wa mitambo, yote muhula wa kwanza, kama mtu aliyeingia mkahawani na njaa ya siku tatu.

Nikakwambia, "Khalfan, si wamesema uanze chini?"

Ukanambia, "Mama, siendi kote huko nikakae darasa moja na watoto."

Nikakwambia una kiburi. Nikazidisha, nikasema kiburi hicho umekirithi kwa watu wa baba yako, na baba yako yupo pale anakunywa kahawa yake, maskini wa Mungu, hana hili wala hana lile. Ukaikunja karatasi ukatoka. Hukula usiku ule, na mimi nikajifanya sikuona.

Leo asubuhi Seif kaja kuleta tikiti yako. Wewe ulikuwa umelala. Nikampa chai, akakaa, akanambia, "Dada, mwanao simfahamu kabisa. Siku ile ya mtihani yule Mzungu aliyemtahini kamuuliza, mbona hesabu za pembe zote umeziacha, hata kujaribu hukujaribu? Hukufundishwa? Na mimi ndiye niliyekuwa nikitarjumi. Unajua kajibu nini?"

"Kajibu nini?"

"Kasema, 'Nilifundishwa vizuri sana. Mimi ndiye mvivu, sikusoma.' Mvivu! Khalfan! Nikamtazama, nikaona sina budi nitarjumi kama alivyosema. Tulipotoka nje nikamshika mkono, nikamwambia, wewe mbona umejisingizia? Akanambia, 'Mjomba, wangeniuliza nani alonifundisha.'"

Nilikuwa nnachambua mchele. Sinia likabaki mapajani. Nikamwambia Seif aende zake, nna kazi nyingi, na yeye hakuelewa kwa nini dada yake anamtoa mbio na chai hajaimaliza. Nikalia, mwanangu. Nikalia mpaka mchele nikaja kuuchambua upya, maana sikujua tena wapi nimefika.

Kumbe si kiburi. Kumbe ulikuwa ukinisitiri.

Hayo nimekufundisha mimi, sina wa kumlaumu. Tangu mdogo nimekwambia aibu ya mzee wako ni nguo yako, ifunike. Mtoto akimuona mama yake kakosea mbele ya wageni hufanya hakuona. Babu yako alipoanza kusahau, ulikuwa ukimjibu salamu ileile mara nne kwa barza moja, kila mara kama ndiyo kwanza anakusalimu, na mimi nikijisifu kwa watu, tazameni mwanangu alivyo na adabu. Sasa adabu ileile umekwenda nayo mpaka kwenye chumba cha mtihani. Kukaa darasa la chini umeona ni kama kusimama mbele ya kadamnasi ukasema mama yangu, anayejiita mwalimu, hakunifundisha. Ukaona bora uanguke wewe kuliko niaibike mimi. Nisamehe kwa neno lile la kiburi. Nimelirudisha, na kwa watu wa baba yako nimelirudisha pia, ingawa wao wana lao.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako halijui.

Unakikumbuka kitabu cha hesabu cha jalada jekundu, nilichokuja nacho kutoka Unguja nikaacha viatu. Tulikwenda nacho ukurasa kwa ukurasa, zoezi kwa zoezi, hukuruka hata moja, nilikuwa sikuachi. Halafu tukafika kwenye ile sura ya pembetatu, na majedwali ya tarakimu ndogo ndogo, na mimi nikafunua kurasa zile zote kwa mkupuo mmoja. Ukaniuliza, "Mama, na hizi?" Nikakwambia, "Hizo ni hesabu za mabaharia. Kwani wewe utakuwa baharia?" Ukacheka ukasema hapana, tukaendelea na ujazo wa matangi. Siku ya pili ukarudi kwenye sura ile peke yako, nikakuona, nikakitwaa kitabu nikasema usipoteze wakati.

Uongo mtupu, Khalfan. Hesabu zile ni za kila mtu. Mie sikuzijua. Sizijui mpaka leo.

Na sikuzijua si kwa kukosa wa kunifundisha. Nilikuwa na umri kama wako nilipoingia chuo cha ualimu Unguja. Wiki ya kwanza tukapewa mtihani, halafu mkuu wetu, bibi mmoja wa Kiingereza mrefu, akabandika majina ya wanafunzi sita watakaokaa mchana kwa darasa la matayarisho. Jina langu lilikuwemo. Nikayasoma yale mengine: wasichana wa shamba, na wawili wa Pemba. Lo! Mimi mtoto wa mjini, buibui langu jipya, baba yangu anajulikana na kila mtu, nifungwe kamba moja na hawa? Nikaenda kwa mkuu nikamwambia, "Mimi haya nshayafahamu." Akanitazama. Akaniuliza, una hakika? Nikasema nna hakika. Akachukua kalamu akalifuta jina langu, na mimi nikatoka pale nnajiona nimeshinda kesi.

Mmoja katika wale wa Pemba akiitwa Zamzam. Mwanzo alikuwa hajui kitu, hata kushika bikari hakujua, na sisi tukimcheka. Kila mchana sisi tukienda kulala yeye anakwenda darasani, anatoka na chaki mpaka kwenye nyusi. Ulipofika mwisho wa mwaka, walimu wenyewe wakimwambia Zamzam njoo ubaoni uwafahamishe wenzako. Na mimi nimekaa nyuma, nnahifadhi majibu kama mtu anavyohifadhi sura ya Kurani, maana yake sijui. Nikaingia mtihani wa mwisho nikayatapika vilevile nilivyoyameza. Nikapasi. Hilo ndilo lililoniua, kwamba nilipasi. Lau ningelianguka ningelirudi darasani nikafundishwa.

Nikasomesha miaka kumi na moja na shimo lile tumboni. Kila mwaka tukikaribia kurasa zile napata homa, au nafanya marejeo, au nawaambia watoto muda umetupita. Siku moja kuna mtoto mmoja, Rukia, mdogo wa mwili na macho yake yote yapo kwenye kitabu, kanyoosha mkono kanambia, "Mwalimu, mbona pembe hii ikipanuka na upande huu unarefuka? Kwa nini?" Swali zuri hilo, wallahi, mwalimu yeyote angelifurahi nalo. Mimi nikamwambia, "Kaa kitako, usijifanye mjuzi." Kakaa. Hakuniuliza tena swali lolote mpaka kamaliza skuli. Leo hata sijui yuko wapi, kama yupo, na hapana siku nnayompa mtu somo nisimkumbuke mtoto yule alivyoushusha mkono wake.

Halafu ukaja mwaka ule wa mapinduzi tukaondoka Unguja, ukafika hapa Maskati una miaka kumi na mitatu, na skuli iliyokuwepo ukaimaliza kwa mwaka mmoja ukawa umekaa nyumbani huna pa kwenda. Baba yako akaupaka mlango wa ghala masizi na gundi, ndio ukawa ubao wetu. Chaki tukiokota vipande vya jasi. Joto la mwezi wa sita, tumejitia vitambaa vya maji vichwani sote wawili kama wagonjwa, na wewe unasema "Mama, tena." Kila mtu anakwambia mtoto huyu mtafutie kazi sokoni, na mimi nasema, huyu atasoma, milango itafunguka siku moja. Na mwaka huu imefunguka. Wenye watoto wao sasa wanakimbilia afisini na majina, na wewe tayari, umeshasoma miaka mitano kwenye mlango wa ghala.

Raha niliyoipata miaka ile hujui wewe. Nilipoteza nyumba, nilipoteza kazi, watu wangu nusu siwajui waliko, na bado kulikuwa na asubuhi nikiamka nnafurahi kwa sababu leo tunaingia sehemu mpya. Ulikuwa ukilipata jibu unalizungushia duara halafu unalipiga kofi. Mlango ule ukitikisika, jirani akiuliza kuna nini humo. Nikimwambia Khalfan kapata.

Ndiyo maana sikukwambia. Siku ile uliponiuliza "Mama, na hizi?" niliogopa nikikwambia hizi sizijui utanitazama kwa jicho jengine. Nilikuwa sina kilichobaki ila hicho, kuwa mwalimu wako. Niliona bora wewe ukose sura moja kuliko mimi nikukose wewe. Hebu tazama hesabu ya mwalimu wa hesabu!

Na wewe uliijua siri, sivyo? Lini? Nimekaa nnajiuliza tangu asubuhi. Pengine siku ile ile nilipokunyang'anya kitabu. Pengine umenisitiri miaka mitatu na mimi nnajiona hodari.

Sasa sikiliza. Nimemuita tena Seif mchana, nikampa chai nyengine kumfidia ile, nikamuuliza mambo kwa utulivu. Nimemuuliza muhandisi anazifanyia nini hesabu za pembe. Kanicheka. Kasema daraja, paa, barabara inayopinda mlimani, hata winchi ya bandarini, zote zimesimama juu ya hizo. Nikamuuliza mtu akiingia kalkulasi bila ya hizo inakuwaje. Kasema wiki tatu za mwanzo atafuata, ya nne atapotea, na alama mbaya haifutiki; chuo kikuu wakiitazama karatasi yako kabla ya kukupokea kwenye uhandisi, macho yao yanakwenda kwenye hesabu kwanza. Wataona umeanguka. Hawatoona kwa nini. Nikamuuliza, na mwaka ukizidi mmoja, afisi itakataa? Kasema keshauliza, hawakatai.

Kanambia na jambo jengine limenifurahisha. Chuo kile si cha vijana watupu. Mna watu wazima, wanafanya kazi kutwa halafu wanakwenda kusoma jioni. Mna wanawake wamezaa, wamelea, ndio kwanza wanaanza aljebra. Nikamwambia, ala! Hata mimi wangenipokea? Kasema wangekupokea, dada, wangekutia darasa la chini. Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Baada ya kucheka nikawa nnawaza kweli, ningelikwenda. Nikakae mbele kabisa, na bwana mwalimu akiuliza nani hajafahamu, niwe wa kwanza kunyoosha mkono.

Nitakukiria na hili pia. Kabla sijaanza kuandika niliitoa karatasi yako kwenye bahasha. Nikashika kalamu. Mwandiko wako naujua, mimi ndiye niliyekufundisha. Ningelifuta alama ya kalkulasi nikatia ya darasa la chini, na wewe usingelitambua mpaka ufike. Kalamu ilifika kwenye karatasi. Halafu nikasema, Zuwena, jina lako lilifutwa kwa kalamu ya mtu mwengine na wewe ndiye uliyemwambia afute; la mwanao liache mikononi mwake. Nikairudisha. Imo kama ulivyoiacha, na ile mikunjo yako ya hasira nimeipapasa kidogo ilale.

Kwa hivyo utachagua mwenyewe. Mie sikuamrishi. Nnakuomba, na kukuomba mimi hujazoea, najua, umezoea kelele zangu. Nnakuomba ukae darasa la chini. Si kwa kuwa wewe hujui. Seif kanambia sehemu ya aljebra katika mtihani ule hukukosa hata moja. Hata moja! Hiyo ni yangu, na mtu asije akanipokonya. Nilichokijua nilikupa chote, sikukibania hata tone. Nisichokijua kachukue kwa mwenye nacho, na ukikichukua usione unanivua nguo.

Maisha yangu yote nimeogopa siku mtu atakapojua. Leo nimekuandikia wewe, na jioni hii baba yako akirudi nitamwambia na yeye, na atasema "Ah, ndo hilo tu?" na kuniuliza kama nimekutilia sweta. Nilidhani ukijua nitakuwa mdogo mbele yako. Kumbe wewe ulishajua, na bado ukampigania mama yako mbele ya Mzungu kwa lugha mbili. Nnakupenda, Khalfan. Nnakupenda hata nashindwa pa kukuweka. Utanisitiri kwa mengi nikishazeeka, nikisahau majina ya watu, nikimwaga mchuzi kwenye kanga. Kwa hili usinisitiri.

Watakuuliza tena, mwanangu. Mwalimu wa darasa lile atakuona unavyokwenda mbio katika aljebra, atakuuliza, kijana, haya nani kakufundisha? Mwambie, mama yangu. Halafu mtafika kwenye pembe, atakuona umekwama, atakuuliza, basi huyo mama yako mbona hakukufundisha na hizi? Mwambie, hakuzijua.

Yaseme yote mawili, na uso juu.

Mama yako,
Zuwena